Aliyerudi naye alale vizuri

Maneno yaliyosemwa na dada yetu wa kazi ya tereni mbele ya wanachama na wafadhili, kwenye mkutano wa umoja wetu hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

  

Mama Prezida aliponiomba niseme leo, aliniuliza nitasema juu ya nini. Nikamwambia: godoro. Akacheka sana. Akaniambia, "Dada, watu wanatoka mbali, wafadhili wako hapa, na wewe unataka kutuletea mambo ya kitanda?" Nikamjibu, ndiyo mama, mambo ya kitanda kabisa. Nawaomba mnivumilie, maana mwisho wa maneno yangu kuna jambo la kupigia kura, na si jambo dogo.

Wengi hapa mnanijua. Mwaka 1996 tulivuka ziwa usiku, nikiwa mtoto wa miaka sita. Nimekulia Lugufu, upande wa Kigoma. Mwaka 2008 tukapanda meli, tukarudi, tukashukia hapa hapa Baraka. Katika mizigo yetu mama yangu alikuwa na mikeka miwili ya ukindu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Nakumbuka nilikuwa naona haya. Niliona kama ile mikeka inatutangaza: tazameni, wakimbizi hao. Nikajiapia moyoni kwamba siku nitakapopata mshahara wa kwanza nitanunua matela nene, ile ya kuzama ndani, na mkeka sitaugusa tena.

Basi nikaenda kusoma Bukavu, maendeleo ya vijijini. Ninyi mnaijua Bukavu. Iko juu, karibu meta 1,500, na usiku kuna baridi. Kule nikanunua matela yangu nene na blanketi zito lenye picha ya simba. Nilipopata kazi huku, nikapakia vyote kwenye gari. Ukishuka ile milima mpaka Kamanyola, joto linakupokea kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Huku kwetu ziwa liko kwenye meta 770 hivi. Lakini mimi sikufikiri. Nilikuwa na diploma, nikafikiri inatosha.

Nikapanga chumba kimoja karibu na ziwa. Mabati juu, ama manjanja kama wengine wanavyosema, hakuna plafo. Chini simenti. Dirisha moja dogo, nalo linafungwa usiku kwa kuogopa wezi. Nikatandika matela chini kwenye simenti, na ile plastiki ya dukani sikuitoa, nilitaka ikae mpya. Juu nikaweka shuka ya kung'aa, laini, nzuri kwa macho. Halafu simba wangu.

Ndugu zangu, sikulala. Saa saba ya usiku niko macho, jasho linanitoka mgongoni, plastiki inalia krr krr kila nikigeuka. Asubuhi niko kwenye pikipiki naenda vijijini kufundisha watu, nasinzia mpaka dereva ananiambia, "Dada, shika vizuri, utaanguka." Ngozi ikatoka harara. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja, nikaanza kukohoa. Nikaenda kupima malaria, hapana. Nikameza dawa za kifua, hapana. Siku moja mama mwenye parseli akaja kudai pesa ya mwezi, akasikia harufu mle ndani. Bila kuniuliza akainua matela kona moja. Chini ilikuwa nyeusi kabisa, imeota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Akanitazama, akasema, "Wewe umesoma, mwanangu, lakini matela yako inalala ndani ya maji."

Nilibisha. Maji yalitoka wapi? Chumba hakivuji. Akanijibu kwa swali: "Ukitoa chupa ya Fanta kwenye frigo, yale maji ya nje yanatoka wapi?" Hapo nikaelewa. Mwili wa mtu unatoa joto na jasho usiku kucha. Jasho linapita ndani ya sponji, linashuka chini, linakuta simenti ya baridi, linageuka maji. Juu kuna plastiki, chini kuna simenti, maji hayana pa kwenda. Fanya hivyo kila usiku kwa miezi miwili, unapata kile nilichopata mimi.

Nimewaeleza haya yangu ili mjue kwamba sikuja kumcheka mtu. Sasa niwaeleze ya pili, ambayo yananiuma zaidi.

Miaka michache baadaye nilikuwa katika timu iliyogawa vyombo kwa familia zilizorudi. Jina la shirika nitaliacha. Tuligawa sufuria, bidoni, mustikeri, na blanketi mbili kwa kila familia. Blanketi za sponji za kijivu, nzito. Wiki mbili baada ya kugawa, tulirudi na fomu. Swali lilikuwa: umepokea? Ndiyo ama hapana. Blanketi ngapi? Mbili. Saini hapa. Nikaandika rapoti kwamba familia zimepokea na zimeridhika.

Katika ile familia ya mwisho nilimkuta mama mmoja na watoto watatu katika chumba cha kupanga, kidogo kuliko kile cha kwangu. Walilala juu ya turubai ya plastiki, moja kwa moja kwenye simenti. Blanketi hazikuwepo. Mwenzangu wa kazi akaandika pembeni ya fomu: ameuza msaada. Mustikeri ilikuwa ingali kwenye mfuko wake, haijafunguliwa. Nikamuuliza, mama, mbona hukuitundika? Akasema mwenye nyumba amekataza misumari ukutani. Na blanketi je? Akanijibu polepole, bila hasira, "Mwanangu, blanketi ile inanifunika vizuri zaidi ikiwa sokoni kuliko ikiwa hapa. Hapa ni moto. Nimeuza, nimelipa mwezi mmoja wa nyumba, nimenunua unga."

Mtoto wake mdogo alikuwa na homa siku ile. Tulimpeleka kituo cha afya, wakamkuta na malaria. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini mimi nilirudi nyumbani na fomu iliyosema ameridhika. Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimelalia kitanda kile kile, katika joto lile lile, na bado nikaandika nilivyoandika. Hilo ndilo ninaloliungama leo mbele yenu, wanachama na wafadhili pamoja.

Blanketi yenyewe haina kosa. Peleka blanketi ile ile Minembwe, ama kwa ndugu zetu wa juu kwenye nyanda, usiku mtoto anatetemeka, na utaona inavyobarikiwa. Kosa lilikuwa la sisi tuliopakia gari moja kwa watu wa juu na watu wa chini. Hata mwongozo wa Sphere, ambao mashirika mengi yanaufuata, unataka vyombo vya kulalia vifuate hali ya hewa ya mahali. Tulikuwa nao ofisini, kwenye kabati.

Sasa niseme yale niliyojifunza, ili mtu anayeingia chumba cha kupanga mwezi huu asipoteze pesa yake. Nitakwenda kwa mpangilio wa kununua, kwa sababu makosa mengi yanatoka kwenye mpangilio. Tunaanza na kile kinachoonekana kizuri mgeni akiingia.

Kabla ya kununua chochote, angalia chumba. Kabla ya kutoa garanti, ingia mchana saa nane, simama dakika kumi mlango ukiwa umefungwa. Weka kiganja ukutani chini, karibu na sakafu. Ukuta ukiwa na ubaridi wa maji, ama rangi inabanduka, jua kwamba mvua ikija utalala na maji. Angalia kama hewa ina pa kuingia na pa kutokea. Dirisha moja peke yake halivuti upepo. Kukiwa na tundu juu ya mlango, hata dogo lenye wavu, upepo unapita. Mengine omba kwa adabu kabla ya kulipa, maana ukishalipa mwenye parseli hakusikii tena vizuri. Omba ruhusa ya misumari minne. Sema ni kwa ajili ya mustikeri, si kwa picha.

Cha kwanza kununua, ama kufungua kama umepewa, ni mustikeri, ile chandarua tuliyoizoea kambini. Ile mpya yenye dawa itandaze kivulini siku moja nzima, saa 24, kabla ya kulala ndani yake. Hapo haitakuwasha uso. Ikichafuka, ifue kwa sabuni ya kawaida bila kuisugua sana, na uianike kivulini, maana jua linaharibu dawa. Usiku ichomeke chini ya godoro pande zote. Kama misumari imekataliwa, chukua makopo manne ya rangi yaliyokwisha, jaza mchanga na kokoto, simika fito nne kwenye pembe za kitanda, funga kamba juu. Yule mama niliyemtaja ndivyo tulivyomfanyia baadaye. Ilitugharimu nusu siku na fito nne. Na nisiseme mengi juu ya wale wanaokwenda nayo ziwani kuvulia ndagala wadogo. Wako hapa, wanajijua. Kesho yake samaki ni wachache na mtoto ana homa.

Cha pili ni kuinuka kutoka chini. Nasema kitanda kabla ya godoro, na najua wengi mnafanya kinyume. Heri godoro la kawaida juu ya chaga kuliko godoro la bei kubwa juu ya simenti. Maseremala wetu wako hapa, watawaambia. Chaga za mbao ama za mianzi, ziachane upana wa vidole viwili ama vitatu ili godoro lipumue bila kuzama. Miguu ifike urefu wa goti, ili upepo upite chini na ufagio nao upite. Kitanda kisiguse ukuta. Acha nafasi ya kiganja. Kama huna pesa ya kitanda mwezi huu, tafuta paleti mbili za mbao kwenye depo, ama panga matofali na utandike mianzi juu. Na kila Jumamosi simamisha godoro ukutani, lipate hewa nusu siku. Hilo halina bei.

Cha tatu sasa ni godoro lenyewe. Hapa wauzaji wanatucheza. Tunaambiwa, "Hii iko ya muzuri, mama, angalia unene!" Unene ni hewa tu kama sponji ni nyepesi. Ninyi mnaonunua ndagala mnajua kwamba kikapu kikubwa si kilo nyingi. Basi fanyeni vile vile. Nendeni na mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia ndagala kavu. Godoro la sentimeta 190 kwa 90, unene 15, likiwa la sponji nyepesi ya kilo 20 kwa meta moja ya ujazo, litakuwa na kilo 5 na kidogo. Likiwa la sponji ngumu ya kilo 30, litafika kilo 7 na nusu na zaidi. Saizi ni ile ile, kitambaa ni kile kile, macho hayaoni tofauti, mizani inaiona. Lile jepesi mtu mzima akililalia kila siku, haichukui muda litafanya shimo katikati, na mgongo utakueleza. Kama muuzaji anakataa mizani, bonyeza kwa ngumi katikati, halafu uachie. Linarudi haraka? Kaa kwenye ukingo. Makalio yanagusa ubao? Basi rudisha pesa mfukoni.

Na ukifika nyumbani, toa plastiki. Nawasihi. Najua inauma, godoro jipya limekugharimu likelemba nzima. Lakini plastiki ile ilitengenezwa kwa safari ya godoro, haikutengenezwa kwa usingizi wako. Kama kuna mtoto anayekojoa, weka kipande cha plastiki pale anapolala tu, na juu yake kitambaa kizito cha pamba, na ukiondoe asubuhi.

Godoro la kununua kwa mtu, lililotumika, mimi sikatazi. Pesa ni ndogo, najua. Lakini washa tochi, fungua mishono, tazama pembe. Ukiona vidoa vyeusi kama mtu amedondosha kalamu, ni mavi ya kunguni. Liache pale pale, hata kama bei ni nusu. Mtu hujikuna ajipatapo, wazee walisema, lakini kunguni wanauma mgongoni katikati pale usipofika. (Kicheko.) Wakishaingia, mashuka yachemsheni, kitanda kitoeni nje, mwageni maji yanayochemka kwenye viungo vya mbao, na mrudie tena baada ya wiki, kwa sababu mayai yanabaki. Ile dawa ya kupulizia nyanya shambani msiipulize chumbani. Petroli pia hapana. Mtu mmoja na mshumaa, na parseli nzima imeungua.

Cha nne, shuka. Chukua mbili, moja kitandani na moja kwenye kamba. Iwe pamba. Ile ya kung'aa niliyonunua mimi ilikuwa nailoni, haikunywa jasho hata kidogo. Kupima ni rahisi: omba muuzaji uzi mmoja kutoka pindo, uchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu laini. Nailoni inayeyuka na kubaki kidonge kigumu. Kama hakubali moto dukani, dondosha tone la maji: pamba inalinywa, ile nyingine inaliacha likae juu. Na kama shuka ni ghali, mama zetu mnazo tayari. Kikwembe cha pamba kilichofuliwa mara ishirini ni shuka bora kuliko nyingi za dukani. Viwili vikishonwa pamoja vinatosha kitanda, na usiku wa mwezi wa saba, upepo wa ziwa unapoingia saa kumi alfajiri, kikwembe cha tatu juu yake kinatosha karibu kila mtu.

Sasa nifike kwenye mkeka. Baada ya ukungu ule, nililitupa lile godoro, nikanunua lingine jembamba kidogo lakini zito kwenye mizani, nikatengenezewa kitanda cha mianzi. Joto likapungua, lakini sponji ni sponji, bado inashika moto wa mwili. Siku moja mama yangu alinitembelea akalala kwangu. Asubuhi nikakuta ametandika mkeka wake wa ukindu juu ya godoro, chini ya shuka. Ule ule wa Lugufu! Akasema, "Lala uone." Nikalala. Mwili unapumua, mgongo unakaa baridi, na godoro halinywi jasho kama kwanza. Mpaka leo nalala hivyo. Kile nilichokionea haya kwenye meli ndicho kilichonipa usingizi.

Nawaambia hili kwa sababu nimeingia vyumba vingi vya waliorudi, na nimeona mkeka umekunjwa nyuma ya mlango, umefichwa, na mtu anatoka jasho juu ya sponji. Wasiokimbia walitucheka kwa mikeka, na sisi tukakubali kuchekwa. Tuache. Kuna vitu tulivyovibeba kule ambavyo ni akili, si umaskini.

Blanketi inakuja mwisho, na iwe nyepesi, isipokuwa kwa anayeishi juu. Kwa mtoto mchanga neno moja tu: alale juu ya kitu kigumu kidogo, kilichonyooka, bila mto, bila kitu kizito karibu na uso. Harara ya watoto wengi ninaowaona haihitaji pomada, inahitaji nguo ichache na upepo.

Nimemaliza ya chumbani. Sasa ya mkutano.

Mnajua umoja wetu una masanduku. La kijani ni la mikopo, jekundu ni la msaada mtu akipatwa na ugonjwa, msiba ama uzazi. Na mnajua wafadhili wetu wametuahidi vyombo vya kulalia kwa familia zinazorudi mwaka huu, na wameomba orodha kabla ya kuagiza. Gari bado halijapakiwa. Kwa mara moja tumeulizwa mapema. Tukinyamaza, litakuja lile lile blanketi la kijivu, na sitaki mtu mwingine aandike rapoti kama niliyoandika mimi.

Ninapendekeza mambo matatu.

La kwanza, kwa wafadhili. Kwa watu wa huku chini, pesa ya blanketi igeuzwe kuponi, na familia ijichagulie sokoni hapa Baraka: godoro lililopimwa, shuka za pamba, mbao. Hili si geni, masoko ya kuponi yamefanyika mara nyingi hapa mashariki ya Kongo. Blanketi ziende kwa wa juu. Mtatuuliza, je, mtu akichukua unga badala ya godoro? Atachukua. Yule mama aliuza blanketi akalipa nyumba, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko fomu yangu. Lakini nawaambia pia kwa ukweli: kuponi inadai ufuatiliaji wa bei, maana wafanyabiashara wakisikia kuponi wanapandisha. Ndiyo maana nataka kamati yetu iende na mizani na ikubaliane bei na depo kabla ya siku ya soko.

La pili, kwa sisi wenyewe. Tununue magodoro kwa pamoja. Mtu mmoja akienda dukani ni mteja. Watu thelathini wakienda wanashusha bei. Sanduku la kijani liwakopeshe wanaotaka, walipe kidogo kidogo kila mkutano. Na maseremala wetu wanne wamenipa neno lao kwamba watafundisha vijana kutengeneza kitanda cha mianzi, mwenye kitanda alete mianzi na chakula cha mchana.

La tatu ndilo gumu. Ninaomba sanduku jekundu litoe kitanda na mustikeri bure kwa watu wa aina tatu tu: mama aliyejifungua, mzee anayeishi peke yake, na mgonjwa wa muda mrefu. Sanduku halitoshi kwa wote. Wapo hapa wanaolala chini ambao hawamo katika hao watatu, nami nawajua kwa majina, na wananitazama sasa hivi. Sina dawa ya kuwaambia. Ninachosema ni kwamba tukianza na hao, hesabu ikikaa vizuri, tutafungua mlango zaidi. Na kama mnaona mpangilio wangu ni mbaya, semeni, ndiyo maana tuko hapa.

Na la mwisho nalichukua mimi mwenyewe. Katika fomu ya umoja wetu nimeshaondoa swali la "umepokea?" Nimeweka mengine mawili: "Jana usiku ulilala wapi?" na "Ulilala?" Nitakuja kuwauliza, na nitaandika mtakachonijibu, hata kama hakitapendeza kwenye rapoti.

Wafadhili wetu, hatuwarudishii ukarimu wenu. Tunauelekeza tu njia, kama mtu anavyomwelekeza mgeni mahali mlango ulipo. Wazazi na ndugu, tulilala porini, tukalala kwenye mitumbwi, tukalala chini ya turubai. Tumerudi kwetu. Tupige kura.



(Baada ya maswali, pendekezo la kwanza na la pili yalipita bila mtu kupinga. La tatu lilijadiliwa kwa muda mrefu, likapita kwa kuongezwa aina ya nne: yatima wanaolea wadogo zao. Mizani itakaa kwa mama mtunza sanduku. Mwanachama anayetaka kwenda kununua godoro aiombe siku moja kabla, na airudishe siku hiyo hiyo.)